Kitabu cha sauti, cha ngazi au cha kusomewa: hadithi ipi kwa mtoto wa P1 hadi P3

Tazama kurasa hizi mbili. Kila moja ina maneno 12.

Ukurasa wa kwanza: *Baba ana dawa. Dada ana saa. Kaka ana taa. Mama ana nini?*

Ukurasa wa pili: *Nyang'au aliyeshindwa kuvuka daraja usiku alimng'ang'ania mwenzake mwembamba, wakatumbukia mtoni wote wawili.*

Mfumo unaopanga vitabu kwa kuhesabu maneno ya kila ukurasa utaziweka kurasa hizi ngazi moja. Lakini wa kwanza una silabi 24, zote nyepesi, na unadai konsonanti nane tu: b, d, k, m, n, s, t na w. Wa pili una silabi 44, na ndani yake mmejaa ny, ng', sh, ndw, nz, mb, mw na ile m inayosimama peke yake katika *mtoni*. Mtoto anayeumaliza wa kwanza kwa dakika moja anaweza kukwama kwenye wa pili kabla hajavuka neno la kwanza.

Kwa hiyo namba iliyo kwenye jalada haitoshi kumchagulia hadithi ya Kiswahili mtoto wa P1 hadi P3, yaani madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi Uganda. Linganisha kwanza sauti alizofundishwa na sauti zilizomo kitabuni, halafu urefu wa maneno. Idadi ya maneno ije mwisho.

Aina tatu, kazi tatu

Kitabu cha sauti huandikwa kwa herufi ambazo mtoto ameshafundishwa, pamoja na moja au mbili mpya. Hadithi yake huwa nyembamba: kaka ana taa, taa ina nini, basi. Mtu mzima hachelewi kuichoka, lakini kitabu hiki hakikuandikwa kwa ajili ya mtu mzima. Kazi yake ni kumlazimisha msomaji aunganishe k na a apate *ka*, bila picha wala sentensi inayojirudia kumpa jibu.

Kitabu cha ngazi hupangwa kwa wingi wa maandishi, urefu wa sentensi na msaada wa picha. African Storybook, inayoendeshwa na Saide ya Afrika Kusini na kutoa hadithi za bure kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Luganda zikiwemo, ina ngazi tano: ya kwanza ni ya maneno ya mwanzo, ya tano ni hadithi ndefu ya kusomewa. StoryWeaver ya Pratham Books, India, ina nne. Hazina zote mbili ni nzuri, na sehemu kubwa ya vitabu vya bure vinavyozunguka kwenye simu za walimu vimetoka huko au mahali kama huko. Ila ngazi ya kwanza ya kitabu cha aina hii haikuahidi kwamba hakuna *ng'* ndani yake. *Ng'ombe! Mbwa! Twiga!* ni maneno matatu tu kwa kurasa tatu, lakini kwa mtoto aliye katika wiki ya sita ya kujifunza kusoma hayasomeki. Atakachofanya ni kutazama picha na kusema jina la mnyama.

Kitabu cha kusomewa ndicho chenye hadithi yenyewe: sungura mjanja, fisi mlafi, mama wa kambo. Anayesoma ni mtu mzima. Kinaweza kuzidi uwezo wa mtoto wa kusoma kwa ngazi mbili au tatu bila madhara, mradi asilazimishwe kukisoma peke yake. Hapa ndipo mtoto anapochota msamiati na mpangilio wa hadithi, na ndipo anapopata sababu ya kutaka kusoma hata kidogo.

| | Cha sauti | Cha ngazi | Cha kusomewa |
|---|---|---|---|
| Anayesoma | mtoto | mtoto, akisaidiwa | mtu mzima |
| Kinachojenga | kuunganisha sauti | kasi na ujasiri | msamiati na ufahamu |
| Kinapoharibika | kikirukia herufi zisizofundishwa | mtoto akikariri | kikigeuzwa zoezi la kusoma |
| Kipimo cha kuchagua | orodha ya sauti | orodha ya sauti, kisha urefu wa maneno | je, anaelewa akisikia? |

Tukilazimishwa kununua aina moja tu kwa darasa la P1 linaloanza kusoma Kiswahili, tungenunua cha sauti, kwa sababu hadithi za kusomea darasa zinapatikana bure, na hata kichwani mwa bibi zipo. Kitabu cha sauti cha Kiswahili kilichopangwa vizuri ndicho kigumu kupata.

Nini kinafanya kitabu cha sauti kiwe kizuri

Fungua ukurasa wa tano au wa sita, si wa kwanza. Waandishi wengi hujitahidi mwanzoni kisha husahau. Angalia mambo haya.

Kwanza, mpangilio wa herufi. Kitenzi cha kawaida cha hadithi ya Kiswahili hubeba *na*, *li*, *ta* au *me*. Mtoto asiyejua n, l, t na m hawezi kusoma alichofanya sungura, atasoma majina ya vitu tu. Ukiona mfululizo wa vitabu unaofundisha f, v na z kabla ya l, ujue hadithi zake zitakuwa orodha za vitu kwa muda mrefu. Tungependelea irabu tano, kisha m, n, t, k, l, s, b, d, w, halafu nyingine. Hakuna sheria ya serikali inayosema hivyo. Ni kwa sababu tu herufi hizo ndizo zinazokupa sentensi mapema.

Pili, neno *kwa*. Kiswahili hakina maneno yanayosomwa kinyume cha maandishi yake, lakini kina vijineno visivyoepukika, na *kwa* lina konsonanti mbili zilizoungana. Mwandishi mzuri hulifundisha mapema kama neno zima, peke yake, wala haingizi *kwenda* na *kweli* siku hiyohiyo.

Tatu, m ya peke yake. *M-tu*, *m-ti*, *m-toto* zina m ambayo ni silabi kamili. *Mbuzi* na *mboga* zina mb inayotamkwa kwa pamoja. Kitabu kinachoweka *mti* na *mboga* ukurasa mmoja, kwa mtoto anayekutana na sauti hizi mara ya kwanza, kinamchanganya bure. Zitenganishwe kwa wiki moja angalau.

Nne, urefu. Katika vitabu vya mwanzo neno lisizidi silabi tatu. *Ana*, *alia*, *akala* ni sawa. *Anayekimbilia* lisubiri. Hata mtoto anayejua kila sauti iliyomo huchoka njiani: anafika silabi ya sita akiwa ameshasahau ya kwanza, anarudi nyuma, anakisia.

Lugha aliyoanzia mtoto inabadilisha kitabu

Uganda haina mtoto mmoja wa P1. Mtaala unaofundishwa kwa mada, ulioanza 2007, unataka P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao na wahamie Kiingereza P4. Shule nyingi za mjini, hasa za binafsi, huanza na Kiingereza tangu chekechea. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili katika katiba tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kiwe somo la lazima. Kwa hiyo watoto wengi wanakutana na hadithi ya Kiswahili wakiwa tayari wanajua kusoma lugha nyingine, na makosa yao hutokana na lugha hiyo.

Aliyeanza na Kiingereza kwa mbinu ya sauti, ile wanayoiita foniksi, amefaidika zaidi ya anavyodhani. Jolly Phonics, kwa mfano, hufundisha sauti 42 na huanza na s, a, t, i, p, n. Kwa herufi hizo sita Kiswahili kinakupa *taa, sita, tisa, pita, pata, sisi, nini, pasi, tisini* na sentensi kamili kama *Sina taa* au *Nani anapita?* Unaweza kumtungia ukurasa siku hiyohiyo. Tatizo ni irabu. Aliyezoea u ya Kiingereza ya *cup* atasoma *kuku* kama *kaka*, na hadithi nzima itageuka. Aliyeshafundishwa kwamba e ya mwisho haitamkwi atasoma *wake*, *mate* na *pole* kwa Kiingereza, tena kwa kujiamini sana, maana maneno hayo yapo huko. Mtoto huyu asianzie herufi upya. Mpe kitabu cha sauti chenye maneno mengi yanayoishia na e na yenye u nyingi: *pete, kuku, tule, sungura, mkate*. Wiki mbili za vitabu hivyo hutosha kwa wengi, kisha apande ngazi haraka kuliko wenzake.

Aliyeanza na Luganda anazijua irabu tano na silabi za *ba be bi bo bu*. Njia ni ileile. Yeye vikwazo vyake ni vingine. K mbele ya i kwa Kiganda hutamkwa karibu na ch, kwa hiyo *kitabu* hutoka *chitabu*, na *kiti* hutoka *chiti*. R na l hufuata kanuni: r huja baada ya i na e, l huja kwingine. Basi *kila* linakuwa *kira*, na *karamu* linakuwa *kalamu*, sherehe imegeuka kuwa kitu cha kuandikia. Ngoma ya Kiganda ni *eŋŋoma* (ŋ ni ng'), ndiyo maana *ngoma* ya Kiswahili hutamkwa *ng'oma* darasani. H huanguka: *hapa* linakuwa *apa*. Mtoto wa Runyankore, lugha ya magharibi mwa Uganda, ana h na ana sh bila shida, lakini kwake *kula* huelekea *kura*.

Je, haya ni makosa ya kusoma? Mengi siyo. Muulize mtoto aonyeshe herufi kwa kidole na aitaje. Akiigusa l na kuijua kuwa ni l, huo ni ulimi wa nyumbani, na usimrudishe ngazi ya chini kwa sababu yake. Akiichanganya na r hata kwa macho, hapo kuna kazi. Tofauti hii ndogo huwaponza watoto wengi wanaosoma vizuri kabisa, wanashushwa kitabu kwa sababu ya lafudhi.

Darasa la kwanza la nani?

Vitabu vingi vya hadithi za Kiswahili vinavyouzwa Kampala vimechapishwa Kenya au Tanzania. Jalada likisema *Darasa la Kwanza*, limemwandikia mtoto wa Tanzania anayefundishwa karibu masomo yote kwa Kiswahili na kukisikia sokoni, dukani na redioni. Jalada la *Gredi ya 1* limemwandikia Mkenya. Mtoto wa P1 wa Masaka hayuko katika hali hiyo hata kidogo. Kwa kusoma herufi anaweza kuwa sawa nao. Kwa kuelewa, huenda akahitaji kitabu cha mwaka mmoja au miwili nyuma.

Na hapa ndipo Kiswahili kinadanganya kuliko Kiingereza. Kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka, mtoto aliyemaliza sauti zote anaweza kukusomea hata taarifa ya habari bila kuelewa neno. Atasoma *sukuma wiki* na *daladala* kwa ufasaha, akiwa hajui kwamba moja ni mboga na nyingine ni basi dogo, lile analoliita taksi. Atasoma *ugali* bila kujua ni posho ileile aliyokula shuleni mchana. Mwalimu anafurahi, anampandisha ngazi, na P3 mtoto anashindwa kujibu swali moja.

Dawa yake ni maswali matatu baada ya kila hadithi, na la kwanza lijibiwe kwa neno lililomo kitabuni (nani ana taa?), la pili kwa kuunganisha sentensi mbili, la tatu kwa kichwa chake mwenyewe. Akikosa mawili, mkabidhi mtu mzima kitabu hicho akisome kwa sauti kesho yake, na umuulize mtoto maswali hayohayo. Akijibu sasa, tatizo lilikuwa kusoma. Mpe kitabu cha sauti. Akikosa tena, tatizo ni lugha, na kitabu cha sauti hakitamsaidia: anahitaji kusomewa zaidi, kuzungumza zaidi, na picha.

Kupima kwa dakika kumi

Chukua maneno 50 mfululizo katikati ya kitabu. Kabla ya mtoto kuyaona, pigia mstari kila neno lenye sauti ambayo hajafundishwa. Yakizidi kumi, kitabu hicho si cha kusoma mwenyewe kwa sasa, hata kama jalada linasema vingine.

Yakiwa kumi au chini ya hapo, mwache asome kwa sauti na wewe uweke alama kwa kila neno alilokosa, aliloruka au ulilomsaidia. Akijisahihisha mwenyewe, usihesabu. Makosa mawili au pungufu: asome peke yake, nyumbani, kwa raha. Matatu hadi matano: asome na mtu kando yake, hiki ndicho kitabu cha somo. Sita au zaidi: msomee wewe.

Vipimo hivi, yaani asilimia 95 au zaidi peke yake na 90 hadi 94 kwa msaada, vilizoeleka zaidi katika Kiingereza. Kwa Kiswahili ongeza jambo moja: andika alikwama silabi ya ngapi. Mtoto anayekosa silabi ya kwanza ana tatizo la herufi. Anayekosa ya nne na ya tano ana tatizo la urefu, na yeye apewe hadithi yenye sauti zilezile ila vitenzi vifupi, si kurudishwa kwenye *ba be bi*.

Ukishuku kwamba amekariri, funika picha. Kisha andika maneno matano ya kitabu ubaoni bila kufuata mpangilio na umwonyeshe la nne kwanza. Mtoto aliyesoma *Ninaona mbuzi, ninaona twiga* bila kosa mara nyingi hukaa kimya mbele ya neno *mbuzi* likiwa peke yake. Vivyo hivyo kwa silabi: darasa linaloimba *ba be bi bo bu* kwa sauti moja halijathibitisha kitu mpaka uulize *bo* kabla ya *ba*.

Tusikitupe kitabu chenye sentensi zinazojirudia, hata hivyo. Kwa mtoto ambaye Kiswahili si cha nyumbani, *Ninaona...* mara kumi humtia sentensi mdomoni, na aliyechoka kukosea hupata siku moja ya kushinda. Kitumike baada ya somo la sauti, si badala yake, na kisitumike kumpimia mtoto.

Kuhusu mgawanyo wa wiki: P1, vipindi vitatu kati ya vitano viende kwa vitabu vya sauti, kimoja kwa vya ngazi, kimoja kwa mazungumzo na maneno mapya, kusomewa kuwe kila siku, hata dakika kumi kabla ya chakula cha mchana. P2, sauti zikishafika ng', ny na kw, geuza: vya ngazi viwe vitatu. P3 mwenye kusoma vizuri hahitaji tena kitabu cha sauti, na kuendelea kumpa ni kumchosha. Lakini P3 asiyejua *ny* anakihitaji, na asionewe aibu. Tafuta chenye wahusika wa umri wake.

Darasa lina watoto 80 na nakala moja? Nakili ukurasa kwenye karatasi ya manila, herufi zisipungue urefu wa sentimita nne ili wa nyuma waone, na ufuatishe kila neno kwa kijiti, neno zima, si silabi moja moja. Ukifuatisha silabi moja moja siku zote, watakuwa na wimbo wa *a-li-ki-ta-fu-ta* mpaka P4. Ukurasa huohuo usomwe mara tatu: polepole, kwa kasi ya kusema, kisha mtoto mmoja aueleze kwa maneno yake, kwa Kiswahili au hata kwa lugha ya nyumbani.

Hadithi inapozidi kimo, ipunguze

African Storybook na StoryWeaver hutoa hadithi kwa leseni huria zinazoruhusu kubadilisha maandishi, mradi utaje mwandishi, mchoraji na leseni yenyewe kama ilivyoandikwa ukurasa wa mwisho. Soma ukurasa huo kwanza, kwa kuwa leseni nyingine hukataza kuuza. Picha zibaki, maneno yabadilike.

Yule nyang'au wetu wa mwanzo, yaani fisi, kwa mfano. Toa ng', toa ny, toa sh, toa kila konsonanti iliyoungana na nyingine, kata sentensi moja iwe tano au sita, na kitenzi kirefu kisizidi silabi tano:

*Fisi na fisi walikutana darajani. Huyu hakutaka kurudi. Yule pia. Wakapigana. Pu! Majini.*

Maneno yamekuwa 13, moja zaidi ya awali, kwa hiyo anayehesabu maneno ataiona imekuwa ngumu zaidi. Silabi zimeshuka kutoka 44 hadi 36, na kila moja ni irabu peke yake au konsonanti moja na irabu. Maneno mawili ya silabi tano yamebaki, *walikutana* na *wakapigana*. Yaandike ubaoni asubuhi, yasomwe, yafutwe, kisha gawa vitabu.